Miezi Mitatu kwenye Kiti cha Nyuma

Kondoa,
Ijumaa, 27 Juni

Bi Sabiha binti Mohamedi,

Assalaam alaykum. Barua hii nakupa mkononi baada ya sala ya Ijumaa, na mashahidi wangu wawili wameketi hapa barazani. Nimekuacha talaka moja.

Sababu unaijua, lakini naiandika ili kaka yako asije akaniuliza. Jana kwenye mlima wa njia ya Kolo uliacha kukanyaga pedali. Baiskeli ya watu wawili nyuma kukilala mbele kutafanya nini? Ikasimama, ikarudi kinyumenyume, tukaingia mtaroni mbele ya watu waliotoka mnadani. Kanzu yangu imechanika. Miaka thelathini nimeendesha mabasi ya Babati na Dodoma na hakuna abiria aliyewahi kunilaza mtaroni, hadi nilipompakia mke wangu mwenyewe.

Talaka ni moja tu. Ndani ya miezi mitatu naweza kukurejea kwa neno moja, bila posa wala mahari. Neno hilo ninalo mimi. Miezi ikipita sijalisema, kila mtu na njia yake.

Basi la saa tisa kwenda Dodoma lina nafasi. Nimekwisha kuulizia.

Harithi Swalihu


Chang'ombe, Dodoma,
30 Juni, siku ya nne ya Mfungo Nne

Baba Jaha, shikamoo,

Nimefika. Kaka Khalidi amenipa chumba cha uani, karibu na cha dada yangu Munira. Ameniambia nisikupigie simu wala nisipokee yako. Anasema aliyeacha mke kwa kalamu aendelee kwa kalamu, kila neno libaki na ushahidi. Kwa hiyo nitakuandikia, na barua nitampa kondakta.

Sheikh wa hapa amesema mimi niliyekwisha kukoma hedhi eda yangu ni miezi mitatu. Nakaa ndani ya ua, sitoki ila kwa dharura. Mwezi uliandama usiku wa kuamkia siku uliyoniacha, kwa hiyo hesabu yangu imeanza na mwezi mpya, haina usumbufu.

Sitaficha. Nataka kurudi nyumbani kwangu. Miaka thelathini na minane nimefagia ule ua. Nina miaka hamsini na tisa, sijui kuamka kwenye nyumba ya mtu mwingine, hata awe kaka yangu. Kama nilikosa mlimani nisamehe. Niambie nifanye nini.

Aliyekuwa mkeo, na anayeomba awe tena,
Sabiha


Kondoa,
Jumamosi, 5 Julai

Bi Sabiha,

Barua nimeipata. Umeuliza ufanye nini. Vizuri, sasa tunaelewana.

Lile tembezi la baiskeli la wazee, la jozi waliozidi miaka hamsini na mitano, liko palepale: Jumapili tarehe 28 Septemba, kutoka Dodoma hadi Chamwino na kurudi, kilomita sitini na kidogo. Majina yetu nilishayapeleka na sitayafuta. Watu wa Kondoa wote wanajua nakwenda. Ninachokosa ni mtu wa nyuma mwenye miguu.

Basi la leo limebeba baiskeli juu ya paa. Imekuja na stendi ya mbao niliyoichonga mwenyewe: inanyanyua gurudumu la nyuma, unakanyaga bila kwenda popote. Eda yako haivunjiki, huna haja ya kutoka uani. Ina kamba ya mpira inayobana tairi. Ukiikaza ni mlima, ukiilegeza ni tambarare. Kaa kiti chako cha nyuma. Usijaribu cha mbele.

Wiki ya kwanza dakika kumi kwa siku. Kila wiki ongeza tano. Siku mbili kwa wiki weka kiti cha jikoni, uketi na kuinuka bila kushika kitu, mara kumi, pumzika, mara kumi tena. Simama kwenye ngazi kwa vidole, panda na kushuka. Kula maharage na karanga, acha sukari. Mimi huku nakimbia kila alfajiri hadi mtoni na kurudi, usidhani nimelala.

Siku utakayofikisha dakika arobaini mfululizo na kamba imekazwa, nitakurejea. Andika kila Ijumaa umefika wapi.

Na uache kuandika tarehe za mwezi kama mwalimu wa madrasa. Tarehe ni moja, ipo kwenye kalenda ukutani.

Harithi


Chang'ombe,
18 Julai, siku ya ishirini na mbili ya Mfungo Nne

Baba Jaha, shikamoo,

Nimefika dakika kumi na tano, kamba ikiwa nusu. Siku za mwanzo nilishuka miguu inatetemeka, Munira akanishika mkono hadi kitandani kama mzazi aliyetoka kujifungua. Makalio yamechubuka. Nimekunja khanga mbili juu ya kiti na nikalala kifudifudi siku tatu, napakwa mafuta ya nyonyo. Nakwambia haya kwa sababu wewe ndiye mume wangu, nani mwingine nitamwambia.

Kuketi na kuinuka nimeweza mara nane. Ya tisa nilibaki nimekaa nikalia. Sikulia kwa maumivu. Niliwaza kwamba mwanamke wa umri wangu anapimwa kama ng'ombe wa mnadani, na anayempima ni baba wa mwanawe.

Lakini naendelea. Jioni nakanyaga naangalia ukuta wa kaka, tofali kwa tofali. Nikifumba macho naona nipo njiani narudi Kondoa.

Sabiha


Kondoa,
25 Julai

Bi Sabiha,

Dakika kumi na tano ni za mtoto wa chekechea. Wiki ya tatu hii, ulitakiwa uwe ishirini.

Machozi usiniandikie, niandikie dakika. Makalio yatazoea, yangu yalizoea kiti cha basi. Ukiendelea hivi nitamtafuta mwingine wa kukaa nyuma, Kondoa haijaishiwa wanawake.

Harithi


Chang'ombe,
9 Agosti, siku ya kumi na nne ya Mfungo Tano

Baba Jaha, shikamoo,

Nimefika arobaini. Kamba imekazwa mpaka mwisho, Munira ameshika saa, Khalidi ameketi mlangoni kuwa shahidi. Sikushuka wala sikusimamisha miguu. Kuketi na kuinuka sasa ni mara ishirini, na ndoo ya maji naibeba mkono mmoja, jambo ambalo sijaliweza tangu nimzae Jaha. Paja langu nikilishika silijui ni la nani.

Kuna jambo nimeliona nataka kukuuliza, usikasirike. Pedali za baiskeli hii zimeungwa kwa cheni moja, za mbele na za nyuma. Nikikanyaga mimi huku, za mbele zinazunguka zenyewe, hakuna mguu juu yake. Nimeziangalia wiki tano sasa. Ule uzito ninaousikia hapa, kiti cha mbele kikiwa kitupu, ndio uleule niliokuwa nausikia njia ya Kolo wewe ukiwa umekaa. Tena pale ulikuwa mkubwa zaidi, maana na wewe ulikuwa juu. Labda stendi ndiyo inanidanganya. Wewe ni fundi, nieleze.

Mengine hayana haja. Ulisema arobaini. Nasubiri neno lako. Begi nimelifunga.

Sabiha


Kondoa,
13 Agosti

Bi Sabiha,

Begi lifungue.

Arobaini ni za kwenye stendi. Barabarani kuna upepo, kuna malori, kuna jua la Septemba. Nimefikiri, nimeona arobaini hazitoshi kitu. Fikisha saa nzima, ndipo tuzungumze. Mtu akipewa kwa urahisi hulegea, nimewaona matingo wengi wa basi langu hivyo.

Habari za cheni na uzito usiniandikie tena. Aliye nyuma haoni njia, kwa hiyo hajui kinachofanyika mbele. Kazi yako ni kusukuma na kunyamaza.

Harithi


Kondoa,
20 Agosti

Dada Sabiha,

Shikamoo dada. Mimi ni Mwajabu, jirani yako wa nyumba ya pili, muuza kahawa. Nimemwomba binti wa shangazi anayekuja huko Dodoma akuletee hii mkononi.

Nimekaa na jambo hili wiki kadhaa linanichoma. Barua zako shemeji anazisoma barazani. Kila Jumamosi baada ya alasiri wazee wanakusanyika kwenye kahawa yangu, naye anatoa bahasha mfukoni, anasoma kwa sauti yako, anaibana pua. Ile ya makalio na mafuta ya nyonyo ameisoma mara tatu, watu wanaiomba. Ile ya kulia kwenye kiti pia. Sasa kuna mzee mmoja akiketi hainuki bila kusema "ya tisa nimebaki nikalia", na baraza zima linavunjika mbavu. Wanawekeana dau utafika dakika ngapi.

Jingine. Anakwambia anakimbia mtoni. Dada, shemeji hakimbii. Goti la kulia limevimba tangu mwaka jana. Msikitini anapanda vile vidato vitatu kwa kushika ukuta. Alikwenda zahanati na mimi nilikuwa kwenye foleni nyuma yake, nikasikia anaambiwa goti hilo halisukumi tena kitu, asijaribu baiskeli ila awe na mtu wa kumvuta. Hiyo ilikuwa mwezi wa nne. Ninyi mlianguka mwezi wa sita.

Nisamehe. Ungekuwa wewe ungeniambia.

Mdogo wako,
Mwajabu


Chang'ombe,
29 Agosti, siku ya tano ya Mfungo Sita

Baba Jaha,

Nimepokea agizo la saa nzima. Nimejitahidi lakini nimekwama arobaini na tano. Labda ni umri. Jana nilishuka nikaketi chini, Munira akanipepea. Magoti yananiuma, hasa la kulia. Limevimba, nikipanda kidato nashika ukuta. Nadhani wewe huwezi kuelewa, unayekimbia kila alfajiri.

Naomba usinikatie tamaa. Niongezee siku, usitamke neno lako mapema kwa kunihurumia, nikaja kukuaibisha barabarani. Ngoja hadi niwe tayari kweli.

Wasalimie wazee wa barazani. Waambie nafanya bidii.

Sabiha


Kondoa,
3 Septemba

Bi Sabiha,

Sasa umeandika maneno ya mtu mzima. Kujua udhaifu wako ni mwanzo mzuri.

Goti lifunge kitambaa. Usilipe nafasi ya kukutawala.

Wazee nimewasalimia, wanakuulizia sana. Umekuwa mtu maarufu huku.

Sina haraka. Neno langu halina kutu.

Harithi


Chang'ombe,
13 Septemba, siku ya ishirini ya Mfungo Sita

Baba Jaha,

Maulidi yalipita salama, nilisikiliza kutoka uani. Nimefika hamsini.

Nina swali moja, na nitaliuliza mara moja tu, mbele ya kaka Khalidi anayesoma barua hii kabla haijafungwa. Siku zangu za eda umezihesabu? Umemuuliza sheikh yeyote zinakwisha lini? Si lazima unijibu mimi. Muulize yeye.

Sabiha


Kondoa,
16 Septemba

Bi Sabiha,

Hofu imeanza kukuingia, ndiyo maana unaniuliza siku. Inakufaa.

Nimeendesha basi kwa ratiba miaka thelathini, hakuna sheikh wa kunifundisha kuhesabu. Talaka ni tarehe 27 Juni. Miezi mitatu inakwisha tarehe 27 Septemba. Mimi nitalitamka neno Ijumaa tarehe 26, baada ya sala, mbele ya mashahidi walewale, ikiwa imebaki siku moja tu. Nimechagua hivyo makusudi. Ukeshe ukijiuliza kama nitasema au sitasema, ili ukirudi ukumbuke nani aliyeko mbele. Nimewaambia wazee, na wao wameafiki.

Jumamosi nitakuja Chang'ombe, Jumapili tunapanda. Hamsini si saa nzima, lakini nitakubeba hivyohivyo. Nimeshona kofia mpya.

Harithi


Kondoa,
Ijumaa, 26 Septemba

Mke wangu Sabiha,

Leo saa nane kasorobo mchana, msikitini, mbele ya mashahidi wawili na baraza zima, nimetamka: nimemrejea mke wangu Sabiha binti Mohamedi. Watu wamepiga takbira. Barua hii inakuja na basi la jioni ili uamke kesho ukiwa mke wa mtu.

Nakuja kwa basi la kwanza. Nipikie wali, na baiskeli itolewe kwenye stendi. Ipake cheni mafuta.

Mumeo,
Harithi


Chang'ombe,
Jumamosi, 27 Septemba, siku ya nne ya Mfungo Saba

Bwana Harithi,

Hii utapewa na kaka Khalidi mlangoni, kwa sababu mimi sitatoka kuonana na mwanamume asiye mume wangu.

Miezi ya eda ni miezi ya kuandama. Mfungo Nne ulikuwa na siku thelathini, Mfungo Tano ishirini na tisa, Mfungo Sita thelathini. Mwezi wa Mfungo Saba umeonekana Jumanne jioni, watu wa mtaa huu wote waliuona juu ya mnara wa simu. Jua lilipozama Jumanne eda yangu ilikwisha. Neno lako umelisema Ijumaa. Umelisemea mwanamke ambaye si wako, na watu wakapiga takbira.

Tarehe niliziandika kwenye kila barua, juu kabisa. Ulinikataza.

Wali haujapikwa. Basi la saa tisa kurudi Kondoa lina nafasi. Kaka amekwisha kuulizia.

Sabiha binti Mohamedi


Kondoa,
Alhamisi, 2 Oktoba

Sabiha,

Umenifanyia hila. Miezi mitatu umenyamaza unajua. Wewe uliyekuwa ukinililia na kuniomba. Ulijifanya goti, ulijifanya hamsini. Nimeuliza masheikh wawili na wote wamesema ulivyosema wewe, mmoja alinicheka usoni.

Na Jumapili ukapanda baiskeli yangu mbele ya watu na dada yako. Nilikodi bodaboda nikakufuata hadi Ihumwa. Nilikuita. Ulinisikia, najua ulinisikia, shingo yako ilisogea.

Barazani siendi tena. Nikipita wanahesabu mwezi kwa vidole. Yule mzee wa "ya tisa nimebaki nikalia" sasa ananiambia mimi nikiinuka kwenye sala.

Goti langu ni bovu. Nadhani ulishajua. Nyumba haijafagiwa, nakula kwa mama ntilie. Nakosa hata kelele za sufuria zako asubuhi. Sijawahi kuandika maneno kama haya na sitayaandika mara mbili. Namtuma mjomba wangu kwa Khalidi alete posa upya. Mahari taja mwenyewe. Ukitaka baiskeli, ni yako. Ukitaka kiti cha mbele, kaa.

Nakuomba.

Harithi


Chang'ombe,
Ijumaa, 10 Oktoba, siku ya kumi na saba ya Mfungo Saba

Bwana Harithi bin Swalihu,

Assalaam alaykum. Mjomba wako amefika, amekunywa chai, amesema maneno mazuri. Kaka ameniachia mimi jibu.

Nilikusikia pale Ihumwa. Uliita "Mama Jaha, punguza." Munira aliniuliza tusimame, nikamwambia akaze. Yeye ndiye alikuwa mbele, mkunga aliyezunguka vijiji vya Kondoa kwa baiskeli miaka ishirini, hahitaji kufundishwa njia. Tulifika wa kumi na moja kati ya jozi kumi na nne. Hatukushuka hata mara moja. Nataka ujue jambo moja tu kuhusu siku ile: kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikanyaga na aliyeko mbele naye akakanyaga. Mlima ule wa Ihumwa nilidhani cheni imekatika, kwa jinsi ilivyokuwa nyepesi. Nikalia njia nzima hadi Chamwino. Hii kawasomee.

Saa nzima niliifikisha tarehe 22 Agosti. Saa na nusu niliifikisha siku ya Maulidi. Barua ya Mwajabu ilinikuta bado nakupenda, na nilipomaliza kuisoma nilipanda baiskeli kwa hasira nikashuka jua limezama. Hata hivyo nilikuuliza siku za eda, mara moja, kwa haki. Ungemuuliza sheikh siku ile, ungenirejea, nami ningerudi, maana sheria ingekuwa upande wako. Ulichagua kuniacha nikeshe.

Sasa posa. Sijasema ndiyo na sijasema hapana. Chukua kiti cha jikoni, uketi na kuinuka bila kushika kitu, mara kumi, pumzika, mara kumi tena. Vile vidato vya msikitini vipande bila ukuta. Mahari yangu ni goti lako: siku litakaposukuma dakika arobaini, tutazungumza. Andika kila Ijumaa umefika wapi. Ukilia, andika na hilo. Jumamosi jioni wanawake wa mtaa huu wanakusanyika uani kwetu kuchambua mboga, na mimi nina sauti nzuri ya kusoma.

Ukifika arobaini nitafikiri kama zinatosha.

Usiniulize ni hadi lini. Mimi nilikuwa na eda, nikajua siku yangu ya mwisho. Mwanamume hakai eda, kwa hiyo wewe sina siku ya kukuhesabia.

Sabiha